Kasha Lililokwenda Mbagala

24 Machi

Kosa la watu wengi ni kufunga mzigo kwa ajili ya safari wanayoitamani. Huwaza bahari imelala, dereva ana adabu, na mpagazi ameshiba. Mzigo hufungwa kwa ajili ya safari itakayokuwako: mawimbi ya masika kutoka Kilindoni hadi Nyamisati, kisha mashimo ya barabara, kisha mpagazi aliyefunga Ramadhani, anayeangalia jua kuliko anavyoangalia mikono yake.

Nayaandika haya kwa sababu Zuena, binti wa marehemu mdogo wangu, ameniomba nisimamie ufungaji wa vyombo vyake. Zuena hukodisha muziki na taa harusini, hapa Kiegeani na kisiwa kizima. Mwaka huu mvua imewafanya watu waahirishe harusi za uwanjani, na Abubakari, mtu wa kwetu mwenye ukumbi Mbagala, ameomba avikodi Mfungo Mosi wote, mwezi unaoanza na Idi. Zuena hana shamba, na kilimo cha mwani alikiacha mwani ulipoanza kufa. Yeye na wanawe wanakula kwa vyombo hivi.

"Ba'mkubwa," aliniambia, "wewe ulifundisha fizikia na kemia. Nimkabidhi nani mwingine?"

Nilifurahi kuliko ilivyonipasa.

26 Machi

Tumefunga. Naeleza hatua kwa hatua ili Zuena na wenzake wasinihitaji tena siku nyingine.

Spika zinabaki, kwa kuwa ukumbi unazo. Vinavyokwenda ni amplifaya, miksa ya sauti, na taa nne za kuzunguka, zile zinazogeuza shingo kama kuku. Taa hizi zina kitasa kidogo shingoni. Usipokifunga, kichwa hupigapiga njia nzima na meno ya ndani huvunjika. Nilivifunga vyote. Amplifaya ni nzito, kwa hiyo ilikaa chini kabisa, katikati, maana kizito kikiwekwa upande mmoja, kasha hupinduka mikononi mwa wanaolibeba. Miksa ina vifundo vingi vya kuzungusha juu, basi haikulalia uso. Na kati ya kila chombo na ubao nilitaka upana wa kiganja, ujazwe kitu kinachobonyea na kurudi.

Zuena alileta godoro lake kuukuu la sponji, amelikatakata.

"Hili halifai," nikamwambia. "Sponji iliyochoka ikilaliwa hainyanyuki. Nitakuonyesha kitu."

Nikamtuma mtu kwa Bimkubwa, yule mama anayefukia makumbi pwani na kusokota kamba, aniletee usumba, nyuzi za makumbi ya nazi. Nyuzi safi, nyepesi, zinazobonyea na kurudi. Bibi zetu walisafirisha sahani za kaure kwa usumba na hazikupata hata ufa. Nilisema hivyo mbele ya wanawake watatu na seremala, nikawaeleza na maana ya unyumbufu, mpaka seremala akauliza kama kuna mtihani mwishoni.

Zuena alilitazama godoro lake, akalikunja.

Juu ya usumba nikazungusha nailoni, raundi juu ya raundi, nikaziba kwa utepe wa gundi. Maji ya mvua yasipate pa kuingia.

27 Machi

Tumelipeleka kasha kwa Edwin, kijana wa Same ambaye ni wakala wa kampuni moja ya vifurushi pale Kilindoni. Mkewe, Cresensia, ni muuguzi wa zahanati. Ndiye anayenisafisha kidonda cha mguu tangu sukari ilipoanza kunitesa.

"Shikamoo, Mwalimu. Humu umemfunga nani, mbona mzito hivi?" Edwin akauliza.

"Marahaba. Usiulize, tafuta watu wanne wa kubeba."

"Wanne nitawatoa wapi Ramadhani hii? Mtu mzima niliyekunywa chai asubuhi ni mimi peke yangu."

Watu walicheka. Aliandika KINAVUNJIKA pande zote, akachora mshale wa juu. Alinipa risiti kwa mikono miwili.

31 Machi

Idi. Mvua toka alfajiri. Kasha bado liko Kilindoni, hakuna boti iliyotoka.

3 Aprili

Zahanati. Cresensia ameniambia kidonda kinakwenda vizuri. Nilimweleza namna spiriti inavyoua vijidudu. Alinisikiliza kama hajui.

5 Aprili

Kasha limevuka. Edwin amepiga simu kusema liko Nyamisati chini ya turubai, lakini barabara imekatika kwa maji na magari hayapiti. Nilimjibu asihofu, nililifunga mwenyewe.

10 Aprili

Mvua. Kasha bado Nyamisati.

14 Aprili

Limefika, na halikufika salama.

Abubakari alipiga baada ya adhuhuri. Amplifaya haiwaki kabisa. Miksa inakwaruza kama paka ndani ya debe. Taa mbili hazigeuki, na nyingine inazunguka bila kusimama. Harusi ya kwanza ni kesho kutwa, na ameshakodi vyombo vya mtu mwingine. Amenitumia picha kadhaa. Ya kwanza ni pembe ya kasha: imebonyea, ubao umepasuka.

Nilipoiona pembe ile sikuhitaji kuona zaidi.

Zuena alikuja jioni, akakaa mlangoni bila kuvua mtandio. Hakulia. Aliuliza tu, "Ba'mkubwa, inakuwaje, na tulifunga vile?"

Nikamwambia, "Hatukukosea sisi. Limeangushwa."

15 Aprili

Nimekwenda Kilindoni. Naandika yaliyosemwa kama yalivyosemwa, kwa sababu leo najiona niko sahihi.

Ofisi ilikuwa imejaa, watu wa vifurushi vya Idi vilivyochelewa. Sikusubiri zamu. Nilisimama mbele ya meza na kuinua simu yenye picha ya pembe.

"Edwin, hii ni nini?"

Aliitazama. "Shikamoo, Mwalimu. Hiyo ni pembe iliyogonga ukingo wa gati tulipokuwa tunapandisha. Iligonga mara moja, nikaishika. Haikuanguka. Nilikuwapo mwenyewe."

"Mmesikia?" nikawageukia watu. "Amekiri mwenyewe!"

"Mwalimu, nimesema iligonga, sikusema..."

"Kijana, mtu ambaye hakulelewa na bahari asipewe mzigo wa bahari. Nyinyi watu wa bara mnajua kubeba magunia ya mahindi."

Watu walicheka, na wengine waliitikia. Muhidini, niliyemfundisha darasani, akasema, "Mwalimu hakosei." Mwanamke mmoja akachukua kifurushi chake mezani, akasema ataupeleka mzigo wake kwa mkono.

Edwin alikuwa amesimama muda wote. Alisema, "Basi, Mwalimu. Nitaiarifu kampuni."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimechoka, lakini nimeridhika.

18 Aprili

Ijumaa. Nje ya msikiti wananipa pole kwa hasara. Abdala muuza samaki ana utani wake: "Mpe Edwin trei la mayai, Dar itafika chipsi mayai." Wanamwita Edwin Gonga sasa. Nilicheka pamoja nao.

22 Aprili

Zahanati. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba." Cresensia alisafisha kidonda, akafunga bendeji, akaniambia nije wiki ijayo. Mikono yake ilikuwa laini vilevile. Nilitaka aninyime kitu ili nami nipate la kusema.

25 Aprili

Kampuni imemsimamisha Edwin. Wamempa mpaka katikati ya Mei wamsikilize; wakiona ana kosa, kazi imekwisha, na fidia ya Zuena itatoka kwenye stahiki zake. Sadick, wakala wa muda, ameketi kwenye meza yake. Zuena ameniuliza kama hiyo ni haki. Nikamwambia ndivyo mikataba ilivyo.

28 Aprili

Leo nitaandika sana, maana hakuna ninayeweza kumwambia.

Paa letu linavuja upande wa chumba changu. Siku ile tulipofunga kasha, usumba ulibaki, nami nikautia kwenye ndoo, nikaiweka humo redio yangu ndogo, nikafunika kwa nailoni na kukaza kamba. Nilijisifu: hata redio yangu itapita masika bila tone. Muda wote huu nimekuwa nikisikiliza habari kwenye simu ya Arafa, mke wangu, kwa kuwa yangu haishiki redio. Leo simu yake imeishiwa chaji, nikaifungua ndoo.

Redio haikusema kitu. Nikafungua kifuniko cha betri. Springi zilikuwa za kijani, kijani cha ukoga wa kisima, na unga mweupe umejaa pembeni. Hakuna tone la mvua lililoingia ndani ya ndoo. Nailoni ilikuwa kavu kwa juu. Lakini usumba mkononi mwangu ulikuwa na umajimaji.

Nikauweka uzi mmoja ulimini. Chumvi.

Nilikaa kitako sakafuni.

Naeleza, kwa kuwa kueleza ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Makumbi ya nazi hufukiwa kwenye tope la pwani, mahali maji yanapojaa na kupwa, yakae miezi mpaka yalainike. Ndipo hupondwa, nyuzi zikatoka. Miezi yote hiyo bahari inaingia ndani ya kila uzi. Msokota kamba hajali, kamba yake itarudi baharini. Lakini chumvi huvuta unyevu kutoka hewani, na hewa ya masika ni nusu maji. Uweke usumba huo juu ya matundu ya hewa ya amplifaya. Uzungushie nailoni, raundi juu ya raundi, ili unyevu usitoke. Uache chini ya turubai Nyamisati, katika joto. Chumvi, maji, shaba na lehemu vitafanya vinavyojua kufanya. Jaribio hili nimelichora ubaoni mwaka baada ya mwaka. Bibi zetu walikuwa sahihi kuhusu sahani. Sahani haina shaba ndani yake.

Nikazifungua zile picha za Abubakari. Ziko simuni mwangu tangu siku ile, kabla sijaenda Kilindoni. Ya pili ni kibao cha sakiti cha amplifaya. Nikaikuza kwa vidole. Kijani kila mahali penye lehemu. Ya tatu ni feni, nyuzi za usumba zimeizunguka. Ya nne, miksa. Hakuna kilichovunjika. Hakuna kilichopinda. Pembe ya kasha ilibonyea, na upana wangu wa kiganja ukaumeza mshindo wote, kama nilivyokusudia.

Nilikuwa nimewaonyesha watu picha moja tu.

29 Aprili

Zahanati. Nimesema nina homa, sikwenda.

30 Aprili

Nimejiambia huenda ni vyote viwili, chumvi na mshindo. Nimejiambia Edwin ni kijana, atapata kazi nyingine. Nimejiambia kampuni kubwa haidhuriki. Kila moja ya sentensi hizi ningeikata kwa kalamu nyekundu kama ingeandikwa na mwanafunzi.

2 Mei

Mvua kubwa. Muhidini kanipitia, akasema, "Mwalimu, umetusaidia. Yule alikuwa anatuvunjia vitu siku nyingi, ila hatukuwa na msemaji." Nikamwuliza alimvunjia nini. Akafikiri. Akasema yeye binafsi, hapana.

6 Mei

Kidonda kilianza kunuka, Arafa akanisukuma kwenda.

Cresensia aliifungua bendeji, akashtuka. "Mwalimu, wiki nzima! Hukupata mtu wa kukuleta?" Alisafisha taratibu. Alipomaliza akasema, "Jumamosi hii hutanikuta, nitakuwa nyumbani tunapanga vitu vya kuhama. Edwin anaona hakuna tutakachosubiri." Halafu akaniuliza, na uso wake haukuwa na kejeli hata kidogo: "Nina bakuli za udongo alizonipa mama. Nizifunge na nini, Mwalimu? Watu wote wanasema wewe ndiye unayejua."

Nilisema, "Magazeti makavu."

Akaniitikia, "Asante, Mwalimu."

Nimeufuata ufuko mpaka nyumbani kwa mguu mbovu ili nisikutane na mtu njiani.

8 Mei

Nimemwambia Zuena. Alikuwa anakuna nazi. Aliendelea kukuna mpaka nilipomaliza, na baada ya hapo akakuna kifuu kitupu.

"Nani mwingine anajua?"

"Mungu na wewe."

"Basi tumeshakuwa wengi." Akaweka mbuzi ya nazi chini. "Ba'mkubwa, mimi nililileta godoro."

"Ulilileta."

"Ukanisomesha mbele ya seremala."

"Nilikusomesha."

Ikaonekana alikuwa ameshazungumza na fundi wa Mbagala: miksa inaweza kusafishwa, na taa mbili, pengine tatu. Amplifaya imekufa. Alikuwa akiitegemea fidia ya kampuni apate nyingine kabla mvua haijaisha na harusi hazijarudi. Nikamwambia nitauza baiskeli na kitanda cha nakshi. Akasema hayo yatazungumzwa baadaye.

"Mimi siwezi kuwapikia wanangu kwa kazi ya mtu aliyesingiziwa," alisema. "Lakini usinitume mimi, wala usimtume Bi Arafa. Mdomo ulikuwa wako."

Nilikuwa nimeshafikiria kumtuma Arafa. Zuena ananijua kuliko nilivyodhani. Miaka yote nimemhesabu kama mtoto wa marehemu anayehitaji kuelezwa mambo.

9 Mei

Leo nimekwenda Kilindoni.

Edwin alikuwapo, akimkabidhi Sadick funguo na mizani. Watu walikuwa wengi, maana boti ilikuwa imeingia. Muhidini alikuwa kwenye benchi. Alinisogezea nafasi, nikakaa, kwa ajili ya mguu.

"Edwin," nikasema, "shida haikuwa wewe. Usumba niliofungia ulikuwa na chumvi ya pwani. Chumvi ndiyo iliyoharibu vyombo. Nisamehe."

Nilisema kwa sauti ya chumbani. Sadick aliendelea kuhesabu funguo. Nadhani walionisikia ni wawili au watatu.

Edwin aliniangalia. Hakukasirika, au alikuwa amemaliza kukasirika zamani.

"Shikamoo, Mwalimu," alisema. "Siku ile ulisema umesimama."

Nilijua anachotaka, na kwa muda mfupi, Mungu anisamehe, nilimwona mkosefu wa adabu. Kisha nikashika bega la Muhidini, nikasimama. Mguu ulinichoma mpaka nyongani. Nikainua simu, nikaonyesha picha ya kibao cha sakiti badala ya ile ya pembe, nikasema kwa sauti yangu ya darasani:

"Nyote mliokuwapo na msiokuwapo! Nilimwambia huyu kijana, mbele yenu, kwamba aliangusha kasha. Nilisema uongo. Kasha halikuanguka. Niliyeharibu ni mimi, kwa kulifunga kwa usumba wa chumvi na kuliziba. Picha hii nilikuwa nayo siku ile ile, sikuitazama. Na lile neno la watu wa bara, nililisema kwa sababu nilijua mtacheka."

Hakuna aliyecheka. Abdala muuza samaki akasema taratibu, "Na mayai je?" Mtu akamtia kiwiko.

Muhidini hakuniangalia. Alisema kama anayejisemesha, "Sasa sisi tumeitikia nini?" Alinyanyuka, akatoka. Nadhani hilo liliniumiza kuliko yote: nilikuwa nimewakopesha watu imani yangu, nao wakaitumia kumpigia mtu.

Edwin akanipa kiti chake, kile cha nyuma ya meza. "Kaa, Mwalimu, mguu huo." Halafu akampigia meneja wake wa Dar, akaniwekea simu sikioni, nikarudia yote tangu mwanzo. Meneja aliuliza, "Una uhakika, mzee?" Nikajibu kwamba safari hii, ndiyo.

13 Mei

Jua kidogo. Kwa Zuena kumekuja watu wawili kuulizia tarehe za harusi; amewaambia bado vyombo havijakamilika. Kitanda cha nakshi kimepata mteja.

17 Mei

Kampuni imemrudishia Edwin kazi, na hatakatwa kitu. Ameomba ahamishiwe Lindi, wamemkubalia. Wale watoto wa njia ya gati bado wanamwita Edwin Gonga. Jina halikusikia nilichosema ofisini. Nimekwenda kwa mzazi mmoja baada ya mwingine. Wengine wamekemea watoto wao. Wengine wameniambia, "Ah, Mwalimu, ni utani tu."

20 Mei

Zahanati, mara ya mwisho kwa mikono ya Cresensia. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Aliniacha nifike katikati, akasema, "Mwalimu, Edwin alilala vizuri juzi. Kabla ya hapo alikuwa halali." Akafunga bendeji, akanionyesha muuguzi mpya nitakayemfuata.

Sikueleza kitu.

Nilipokuwa nikitoka aliniuliza kama nina dawa za kutosha, nikasema ndiyo. Nimefika nyumbani nikakuta hazitoshi.

21 Mei

Wameondoka asubuhi. Sikwenda gatini, sikuona kwamba nina haki ya kupungiwa mkono.

Zuena na wenzake watayasoma haya kwa ajili ya mambo ya kufunga vyombo, na nimeyaacha yote yaliyo kweli: vitasa vya taa, kizito chini katikati, upana wa kiganja. Usumba wa pwani nimeukata kwa mstari, pembeni nimeandika sponji mpya na vifuko vya kunyonya unyevu. Lakini kama katika kusoma umemkumbuka mtu uliyemtia hatiani mbele za watu, na sasa unajua hakukosa, usimpigie simu, wala usingoje mvua ikatike. Nenda leo, mahali pale pale, ukaseme umesimama.